Picha Isiyo na Rangi Ndiyo Iliyonimalizia Rangi

Mjomba wangu alikuwa na studio hapa Tabora mjini enzi za filamu, nami nilikulia nyuma ya pazia zito la chumba chake cha kusafishia picha. Wa rika langu mnajua: kusafisha picha si kuiosha, ni kuitoa kwenye karatasi. Balbu nyekundu, trei tatu za plastiki, harufu ya dawa kama siki, na karatasi nyeupe inayoelea humo mpaka mtu anaanza kuibuka: nywele kwanza, halafu macho, shati jeupe mwisho kabisa. Mjomba alihesabu kwa mdomo, bila saa. Nilidhani ile ndiyo kazi ngumu. Printa zilipoingia nikasema sasa tumepumzika, ni kubonyeza tu.

Nimebonyeza miaka mingi sasa. Kwa muda mrefu picha za rangi nilikuwa naziuza kwa faida na picha nyeusi na nyeupe nazigawa sadaka, na wala sikujua.

Nilianza 2016 na printa ndogo ya katriji mbili, moja ya wino mweusi, nyingine ya rangi tatu ndani ya kikopo kimoja. Mashine yenyewe niliipata kwa bei ya kutupa nikajiona mjanja. Wajanja walikuwa walioitengeneza. Biashara ya printa za wino imekaa hivyo miaka nenda rudi: mashine unapewa rahisi, faida inasubiri kila unaporudi dukani kununua wino. Wino wa katriji ile haukujaza hata kijiko cha chakula, na njano ikiisha peke yake unatupa na samawati iliyobaki. Idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi nayo niliiamini. Zile ni kurasa za ofisini, maandishi machache na weupe mwingi. Picha ya A4 haina weupe, inapakwa wino pembe hadi pembe. Miezi mitano baadaye ile printa nikaishusha cheo, ikawa ya kutolea barua za maombi ya kazi.

Nikahamia kwenye printa ya tanki, ya rangi sita: nyeusi, samawati, majenta (nyekundu inayoelekea zambarau), njano, na zile mbili hafifu, samawati hafifu na majenta hafifu. Hii ilinigharimu 1,100,000. Hapa mchezo umegeuzwa, unailipia mashine bei yake halisi na wino unaununua kwa chupa, mililita 70 kwa 40,000. Wanasema Epson walianza kuziuza Indonesia mwaka 2010, nchi ambayo mafundi wa mtaani walikuwa wameshazoea kuziunganishia printa mipira na makopo ya wino kwa nje. Nilicheka niliposikia, maana mafundi wetu wa Kariakoo nao walikuwa na mchezo huohuo. Sasa kampuni zote kubwa zinazo. Yangu ni ya kampuni gani haina maana, niliyoyapata ningeyapata kwa yoyote.

Siku niliyoanza kushtuka aliingia mama mmoja wa Isevya na bahasha ya khaki. Ndani yake kulikuwa na picha ya saizi ya kiganja, kingo zake zimekatwa kama meno ya msumeno, ya baba yake akiwa amesimama stesheni na kofia ya reli. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na koo nyingi za hapa mjini zina mtu wao wa reli. Alitaka A4 ya kutundika sebuleni kabla watoto hawajaja kwenye kikao cha ukoo. Nikaiskani, nikakaa saa mbili naziba mikwaruzo na mkunjo uliopita katikati ya shavu, nikabonyeza. Chini ya balbu ya dukani mzee alitoka safi. Nikamfungia, akalipa 3,000, akaondoka.

Hakufika mbali. Alirudi ameishika picha kwa mikono miwili.

"Mwanangu, mbona baba amekuwa mgonjwa?"

Nikatoka naye barazani. Kweli. Kwenye jua mashavu ya mzee yalikuwa na ukijani, kama mtu aliyeamka na malaria. Tukarudi ndani, akapona. Tukatoka, akaumwa tena. Mama akanitazama, nami nikaitazama picha. Sikuwa na jibu.

"Niachie, mama, nitairudia."

Nikaongeza wekundu kidogo kwenye kompyuta. Barazani akawa sawa, ndani akawa wa pinki kama mzungu aliyesahau kofia. Nikapunguza. Karatasi nne zilienda siku ile, na ya tano nikampa kwa kuchoka, si kwa kuridhika.

Nilichokuja kukielewa baadaye ni hiki. Mteja anadhani picha isiyo na rangi haitumii wino wa rangi, kwa hiyo iwe rahisi. Hata mimi niliiwekea bei hiyo: rangi 4,000, nyeusi na nyeupe 3,000. Lakini printa yangu ina nyeusi moja tu. Kijivu cha shavu, cha anga, cha ukuta wa stesheni, vyote inavipika kwa kuchanganya samawati, majenta na njano. Ukiilazimisha itumie nyeusi peke yake, sehemu za mwanga zinatoka na vijinukta, uso unaonekana umepigwa na vumbi. Zile printa za rangi nne ndiyo zaidi: nyeusi yake mara nyingi ni ya kuandikia barua, haishiki kwenye karatasi ya glosi, ile inayong'aa, basi mashine inaiweka pembeni na kupika hata weusi wenyewe kwa rangi tatu. Kwa hiyo picha isiyo na rangi ni rangi tupu zilizopatanishwa. Moja ikizidi kidogo, kwenye picha ya harusi hakuna atakayeona, gauni la bibi harusi limebeba mengi. Kwenye kijivu hakuna pa kujificha. Na upatanisho wenyewe ni wa mwanga mmoja, ukihama kutoka kwenye balbu kwenda juani unavunjika.

Ya mjomba haikuwa na shida hii. Weusi wa picha yake ulikuwa ni madini yenyewe ya fedha, chembe zimekaa kwenye karatasi. Chembe ni chembe, ndani na nje.

Basi nikanunua daftari. Si la mauzo, hilo nilikuwa nalo. Hili lilikuwa la wino. Kila nilipojaza tanki niliandika, kila karatasi iliyoharibika nikaandika na sababu yake, na picha ndogo nikazigeuza: nne za 4R, zile za saizi ya kadi ya posta, ni sawa na A4 moja. Nilifanya hivyo miezi minne, kijana wangu wa dukani akiniona nimechanganyikiwa. "Dada, na hii iliyokunjika mkiani niandike?" Andika.

Miezi minne ilipoisha nilikuwa nimeuza sawa na A4 230. Picha ya A4 inakula kama mililita moja ya wino, kwa kipimo changu. Zilizoharibika zilikuwa 41. Jumla ni karatasi 271, wino mililita 271. Lakini kwenye tanki nilikuwa nimemimina 400. Mililita 130 hazikufika kwenye karatasi yoyote, nzuri wala mbaya. Karibu chupa mbili.

Zilikokwenda nilikuja kupaona kwa macho, nitafika huko. Kwanza hizi 41. Nilizichambua nikakuta 8 tu ni za rangi. Zilizobaki 33 ni nyeusi na nyeupe, na nyeusi na nyeupe nilizouza kwa miezi hiyo zilikuwa 60. Yaani kwa kila mbili nilizompa mteja, moja na zaidi ilikwenda kwenye ndoo. Mwenyewe nilikuwa nahisi naharibu "moja moja".

Nikaketi na kikokotoo. Karatasi ya glosi ya gramu 230 nilikuwa naipata pakiti ya 20 kwa 9,000, sawa na 450 moja. Wino ni kama 571 kwa mililita. Mtu akiishia hapo anaona A4 inamgharimu 1,020, anauza 3,000, anacheka. Nami nilikuwa nacheka. Ukizihesabu na zilizoharibika, ukagawa wino uliopotea kwa kila picha, ukaigawa na bei ya printa kwa miaka mitatu ambayo nadhani itaishi, picha ya rangi ilinigharimu kama 1,920 na kuniachia 2,080. Nyeusi na nyeupe ilinigharimu 2,440 na kuniachia 560. Hiyo 560 ndiyo ilipe saa mbili za kuziba mikwaruzo, umeme, pango na kijana. Kijana tu chai yake ya asubuhi na chapati mbili inazidi hapo.

Sasa zile mililita 130. Jumatatu moja nilikuta printa inawaka taa nyekundu mbili zinapishana, haitaki kufanya kitu. Fundi akaja, akaifungulia sehemu ya nyuma, akachomoa kitu kama kipande cha godoro, kizito, cheusi, kinachuruzika. Ni pedi ya wino taka. Kila printa inapowashwa inajisafisha kidogo, na kila unapoiamuru isafishe hedi, yaani kichwa kinachorusha wino, inavuta wino kwenye matundu na kuumwaga pale. Ndani kuna hesabu inayotunzwa, ikifika kikomo mashine inagoma. Fundi akaniambia anaweza kuireseti kwa programu, dakika tano, tuendelee. Nikamuuliza na pedi? Akasema pedi bado inavuta. Haikuwa inavuta. Wiki ya tatu wino ulitokea chini ya meza, ukafuata mteremko wa sakafu mpaka kwenye benchi la wateja, na kanga ya mama wa watu aliyekuja kupiga pasipoti ikanywa samawati na majenta kwa pamoja. Nililipa kanga pea nzima. Pedi mpya ingekuwa nafuu.

Swali likawa kwa nini naisafisha hedi mara nyingi hivyo. Jibu liko angani. Tabora kiangazi, Septemba na Oktoba kabla mvua hazijaanza, hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka. Wino kwenye matundu ya hedi, ambayo ni madogo kuliko unywele, unakauka kama ulimbo. Printa ikizimwa vizuri kwa kitufe chake, hedi inarudi kwenye maegesho yake na kufunikwa. Umeme ukikatika katikati ya picha, hedi inabaki wazi pale ilipo, na umeme ukichelewa kurudi unakuta mistari. Basi unasafisha, unachapa ukurasa wa kupima matundu, mistari bado, unasafisha tena. Kila usafishaji unavuta rangi zote sita hata kama tatizo ni moja. Nilinunua UPS, betri ya akiba ya kushikilia umeme ukikatika, ya 180,000 kwa kunung'unika. Haikuwa kwa ajili ya kufanya kazi gizani, ilinipa dakika kumi za kumaliza picha na kuzima kwa adabu. Katika vyote nilivyonunua hicho ndicho kilichorudisha hela mapema zaidi.

Kosa la wino wa bei nafuu nilikuwa nimeshalifanya kabla ya haya yote, ndiyo maana silirefushi. Mililita 100 kwa 10,000 kutoka Dar, unaokoa zaidi ya shilingi 450 kwa kila A4. Picha zilitoka nzuri tu. Baada ya miezi minane zikaanza kurudi, hasa zilizotundikwa mkabala na dirisha, zimekuwa nyekundu kama tofali. Kwenye wino ule samawati ndiyo iliyokufa kwanza, kilichobaki ni wekundu na njano. Picha za rangi nazo bila shaka zilipauka, ila hakuna aliyerudi nazo. Zilizorudi zilikuwa 14, zote nyeusi na nyeupe, na kati ya hizo nyingi ni za marehemu. Mtu anayekuletea picha ya mamaye iliyoharibika huwezi kumwambia alipie tena.

Nikawa na wazo ambalo naamini kila mpenda nyeusi na nyeupe duniani amewahi kuwa nalo. Kama shida ni kupatanisha rangi, kwa nini rangi ziwemo? Tanki sita, jaza nyeusi tupu: moja kali, nyingine iliyozimuliwa kidogo, nyingine zaidi, mpaka kijivu cha moshi. Nilisoma kwamba huko Marekani wapo wanaoishi kwa kazi hiyo, Jon Cone na wino wake wa Piezography, na kwamba Roy Harrington ametengeneza programu iitwayo QuadToneRIP ya kuziendesha printa za namna hiyo. Wino wao kunifikia hapa ni habari nyingine. Lakini wino mweusi wa pigimenti, yaani wa chembe laini zisizoyeyuka, upo Kariakoo, na pigimenti nyeusi yenyewe kimsingi ni kaboni, yaani masizi. Masizi ya sufuria hayapauki kwa jua.

Mwaka 2019 nikanunua printa ya pili, iliyotumika, kwa 450,000 kutoka Mwanza. Kuzimua wino nilitumia maji ya betri, yale yasiyo na asidi, kwa sababu hayana chumvi, na gliserini kidogo ya dukani ili usikauke upesi. Bado ulikuwa hauenei vizuri. Mjomba, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu anakuja dukani kusoma gazeti tu, akaniuliza nahangaika na nini. Nikamweleza. Akanyamaza, akaenda kwake Cheyo, akarudi na chupa ya kahawia yenye vumbi: dawa aliyokuwa akitia kwenye maji ya mwisho ya filamu ili yasiache madoa. "Tone mbili," akasema. "Si tatu." Na kweli, tone mbili ndizo zilizotaka.

Nilichapa tena yule mzee wa stesheni, safari hii kwenye karatasi ya mati, isiyong'aa. Nikatoka naye barazani, nikaingia naye ndani, nikatoka tena. Kijivu kile kile. Kifungo cha pili cha koti lake, ambacho kwenye glosi kilikuwa kivuli tu, sasa kilikuwa na tundu za uzi. Mjomba aliishika picha kwa pembe, akaigeuza nyuma kama anatafuta kitu, akasema, "Hii imekaribia." Kwa mjomba hiyo ni sifa kubwa.

Kwa wiki kadhaa nilikuwa mtu mwenye furaha. Kisha ikaja Septemba.

Picha nyeusi na nyeupe haziji kama maji ya bomba, zinakuja kama mvua. Malipo ya tumbaku yakitoka, watu wanashuka kutoka Urambo na Kaliua na bahasha zao za ukoo. Ikikaribia Krismasi, ikikaribia Idi, kukiwa na arobaini ya mtu mkubwa, zinakuja kumi kwa wiki. Katikati hapo ni ukame. Wastani wangu wa 15 kwa mwezi ulikuwa wa daftarini tu. Katika mwezi mmoja wa kiangazi kile nilichapa picha 4 kwenye ile printa ya kijivu na kuisafisha hedi mara 9. Pigimenti nayo ikikaa bila kutikiswa inatuama chini kama togwa, juu inabaki maji. Matundu yalianza kuziba mstari mmoja, miwili, kisha rangi nzima. Novemba mvua zilipoanza, hewa ikalainika, printa ilikuwa imeshakufa. Hedi mpya peke yake ilikaribia bei niliyonunulia mashine nzima.

Niliumia, lakini daftari lilinionyesha kitu ambacho nilikuwa nakiona kila siku bila kukielewa. Hedi ni mdomo unaotaka kula kila siku, usipoulisha kwa kazi unajilisha wenyewe kwenye pedi. Printa ya rangi ilikuwa hai kwa sababu ya pasipoti. Wanafunzi, waombaji wa kazi, wafanyakazi wa mradi wa reli, kila siku wapo watano au kumi na tano wanaotaka picha zenye bluu nyuma. Zile picha ndogo ambazo nilikuwa nazidharau ndizo zilizokuwa zinayaweka matundu wazi bure. Nyeusi na nyeupe zilikuwa abiria tu kwenye gari la pasipoti. Mimi nikamshusha abiria nikamnunulia gari lake, na gari likafia njiani kwa kukosa wa kulijazia siti.

Nadhani hata viwandani hesabu ni hiyohiyo, wao wameipiga tu mapema kuliko mimi. Mwaka 2005 Epson walipotaka kuwaridhisha watu wa nyeusi na nyeupe kwa Stylus Photo R2400, hawakutoa mashine isiyo na rangi. Waliweka nyeusi za ngazi tatu, nzito, hafifu na hafifu zaidi, humohumo kwenye printa ya rangi. Soko la rangi linalilipia lile dogo. Printa za aina hiyo za siku hizi nimezipigia hesabu mara mbili. Kwa picha 15 kwa mwezi, hapana.

Nilichofanya ni kurudi kwenye ile ya rangi sita na kuacha kushindana nayo. Karatasi moja, wino mmoja, sibadilishi hata pakiti nyingine ikishuka bei, maana kila karatasi ina kijivu chake. Kila asubuhi isiyo na pasipoti kijana anachapa 4R moja yenye rangi zote, robo ya mililita, nafuu kuliko kusafisha hedi. Printa siizimi na kuiwasha kutwa. Picha ikitoka haihukumiwi hapohapo, inalala mpaka ikauke ndiyo inapelekwa barazani na kurudishwa ndani. Na jambo kubwa kuliko yote: siwapi tena kijivu kitupu. Naitia picha ukahawia kidogo, rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Jicho linaupokea ukahawia kama umri wa picha, na ndani yake ukijani au wekundu ukisogea kidogo hakuna anayeuona. Mama wa Isevya nilimpelekea mwenyewe nyumbani. Aliitazama dirishani, akaitazama chini ya taa, akasema, "Huyu ndiye."

Bei nikazipindua. Rangi ni 4,500, nyeusi na nyeupe ni 6,000, na kuziba mikwaruzo kunalipiwa peke yake kuanzia 5,000. Miezi minne iliyofuata wateja wa nyeusi na nyeupe walipungua kutoka 60 mpaka 44. Zilizoharibika zilikuwa 5. Kwa kila moja ilinibakia zaidi kidogo ya 4,000, kabla ya pango na kijana.

Juzi kaingia mzee mmoja na picha ya rafiki yake aliyezikwa wiki iliyopita. Shikamoo, marahaba, akaketi. Nikamtajia 6,000. Akauliza ya rangi ni ngapi, nikamwambia 4,500.

"Yaani unanitoza zaidi kwa kitu ambacho hakipo?"

Nikamweleza habari za samawati na majenta kupatanishwa. Alisikiliza yote mpaka mwisho, kwa heshima.

"Mimi ni Mgogo," akasema, "na huyu marehemu ni Mnyamwezi, mtani wangu. Ukimtoza elfu sita nitamwambia makaburini kwamba hata baada ya kufa bado ananila hela."

Nilimpunguzia 500. Kijana akauliza kwenye daftari la wino aiandike wapi, nikamwambia aiweke kwenye hasara, chini ya pedi.